Chuo Kilichowakopesha Wakulima

Barabara ya Kirkwood, mjini Bloomington katika jimbo la Indiana, inaishia kwenye minara miwili ya mawe ya chokaa, meupe yanayoelekea kijivu. Hilo ndilo lango la Chuo Kikuu cha Indiana, na halina geti. Hakuna kizuizi, hakuna askari mwenye rungu, hakuna daftari la wageni lenye safu ya "sababu ya kuja". Mzee mmoja alipita na mbwa wake wawili, akafuatwa na mama aliyesukuma kigari cha mtoto, kisha vijana waliovaa kaptura katika baridi ya Novemba ambayo hata mimi, mtu wa Ainabkoi niliyezoea kukanyaga umande ulioganda, niliiheshimu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anamtafuta nani. Shule ya sekondari ninayoshikia hesabu kule nyumbani ina wanafunzi wasiojaza hata bweni moja la huku, lakini ukitaka kuingia utaacha kitambulisho.

Nilikuwa nimekuja kumwona mpwa wangu, binti ya dada yangu, anayesomea shahada ya pili. Yeye alitaka nione maua na majengo. Mimi ni bursa. Nilitaka kujua nani analipa.

Jibu la kwanza limeandikwa langoni. Minara hiyo inaitwa Sample, kwa jina la familia iliyotoa fedha za kuijenga, na haikusimama hapo hadi 1987, ingawa chuo kinajihesabia umri kuanzia 1820. Ukishapita, majina hayakomi. Benchi lina jina, chumba cha kusomea kina jina, kisima cha maji kina jina. Kwetu pia tunapenda majina. Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, jirani zetu, kina jina la rais aliyekuwa madarakani kilipoundwa 1984, na maktaba yake kuu inaitwa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza aliyezuru Kenya Januari 1988. Tofauti niliyoiona ni ya mpangilio tu: kwetu jina hutangulia na fedha zikatarajiwa kulifuata, huku fedha huingia benki kwanza, fundi wa kuchonga herufi akaitwa baadaye.

Kwa asiyeijua, Ainabkoi ni upande wa mashariki wa Uasin Gishu. Reli inayoteremka kutoka Timboroa kwenda Eldoret inapita kwetu, na stesheni yenye jina letu ipo. Tunalima viazi, mahindi na ngano, tunakamua ng'ombe, na asubuhi barabara za Kaptagat ni za wanariadha. Kwa hiyo nilipotoka uwanja wa ndege wa Indianapolis na kuona mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamekatwa sawasawa hadi macho yanapochoka, nilijiona niko kwa wakulima wenzangu. Kusini zaidi ardhi inaanza kupanda na kushuka, misitu inaongezeka, na chini ya misitu kuna hayo mawe ya chokaa. Machimbo ya eneo hilo ndiyo yaliyotoa mawe ya Empire State Building kule New York. Chuo kimejengwa kwa jiwe la nyumbani, jambo lililonipendeza.

Huwezi kuelewa hesabu za chuo hiki bila kuanza na shamba. Mwaka 1816, Indiana ilipokuwa inaingia katika muungano wa Marekani, serikali kuu ilitenga kipande kizima cha ardhi kwa ajili ya elimu ya juu: mraba wa maili sita kila upande, yaani ekari 23,040. Rais James Madison ndiye aliyechagua kipande chenyewe, katika kaunti ya Monroe. Chuo leo kinakiri waziwazi kwamba nchi hiyo ilikuwa ya Wamiami, Walenape, Wapotawatomi na Washawnee kabla ya kuchorewa mistari. Mistari ile naijua. Uwanda wetu nao ulikatwa mashamba yenye namba baada ya Makaburu kuwasili na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, na mji wa Eldoret wazee bado wanauita Sisibo kwa sababu ulianzia kwenye shamba namba 64.

Katiba ya kwanza ya Indiana iliahidi elimu bila malipo, kutoka shule ya kijiji hadi chuo kikuu, mara tu hali itakaporuhusu. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu mpaka mpwa wangu akageuka. Hali itakaporuhusu! Hiyo ndiyo lugha ninayoandikiwa na wazazi kila muhula.

Hali haikuruhusu haraka. Masomo yalipoanza katikati ya miaka ya 1820, kulikuwa na wanafunzi kumi, wote wavulana, na mwalimu mmoja, Baynard Rush Hall, aliyewafundisha Kigiriki na Kilatini kwa mshahara wa dola 250 kwa mwaka. Chuo cha Moi kilianza na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na nyuma yao kulikuwa na ripoti ya tume ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Mkanada, Colin Mackay. Ukilinganisha mwanzo na mwanzo, Kesses ilianza ikiwa imeshiba.

Ila hapa ndipo nilipovuta kiti. Ile ardhi ya Monroe iliuzwa kidogo kidogo, fedha zikawekwa katika mfuko, na mfuko haukufungiwa sandukuni. Ulikopeshwa. Waliokopeshwa ni wananchi wa Indiana, wakiweka ardhi yao dhamana, na riba waliyolipa ndiyo iliyolisha chuo. Nilimwomba mpwa wangu arudie. Chuo kikuu kilikuwa kinawakopesha wakulima? Ndiyo, Mjomba. Na mkulima akichelewa? Basi mwalimu wa Kilatini naye anasubiri.

Niliwaza jambo hilo siku nzima. Kwetu deni hutembea kwa njia nyingine kabisa. Mkulima hakopi chuoni. Mkulima huuza ng'ombe ili mtoto aingie chuoni. Na chuo nacho, kikipungukiwa, hukopa kwa mtu asiyeombwa ruhusa: mfanyakazi wake. Mhadhiri anakatwa pensheni na mkopo wa sacco kwenye hati ya mshahara, makato yanaonekana yameandikwa vizuri, lakini hayafiki yanakopelekwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya manung'uniko ya vyama vya wafanyakazi pale Moi, pamoja na malimbikizo ya mishahara, wahadhiri walipogoma Septemba 2024. Mgomo ulipita miezi miwili. Wanafunzi walirudishwa nyumbani, na kituo cha Kesses, ambacho huishi kwa chapati, madondo na kodi za vyumba vya wanafunzi, kilikaa kimya kama soko la siku isiyo ya gulio.

Nilidhani huku sitakuta aibu za namna hiyo. Nimezikuta, tena za kutosha, ila ni za kale. Zimehifadhiwa kwa utaratibu: kumbukumbu za mikutano ya wadhamini wa chuo kuanzia 1835 zimepigwa picha, na mtu yeyote anaweza kuzifungua kwenye kompyuta, hata akiwa Burnt Forest kule kwetu, mradi ana bando. Mpwa wangu alinifungulia. Mwandiko wa karani wa wakati ule umelala kulia, wino umefifia, na mistari ya mapato na matumizi imekaa pale pale ambapo mimi ningeiweka.

Kwanza kulikuwa na kesi. Kabla ya mgao wa 1816 serikali kuu ilikuwa imetoa ardhi nyingine, katika kaunti ya Gibson, na Chuo cha Vincennes kilidai ni yake. Wabunge wa jimbo waliamuru iuzwe, mapato yakaelekezwa Bloomington. Vincennes ikashtaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa ushindi. Bunge la Marekani likalituliza jimbo kwa ekari nyingine zaidi ya 19,000. Fikiria chuo kinachojengwa kwa fedha za shamba la jirani, halafu jirani anashinda kesi miaka thelathini baadaye. Nimewahi kuona vyuo vyetu vikilumbana juu ya kampasi na hati za viwanja, kwa hiyo nilisoma hukumu hiyo kwa hamu.

Kisha moto. Jengo kuu liliungua 1854 pamoja na maktaba. Kabla ya hapo, 1851, rais wa kwanza wa chuo, Andrew Wylie, alikuwa amefariki kwa nimonia baada ya kujikata mguu kwa shoka akipasua kuni. Nyumba yake ya matofali, ya mwaka 1835, bado ipo na ni jumba la makumbusho. Nyuma yake kuna bustani ya mboga za aina za kale, na mbegu zake huhifadhiwa. Nilisimama pale nikijaribu kumwona naibu chansela wa kwetu akiwa na shoka mkononi. Haikuwezekana.

Serikali ya jimbo ilikuwa wapi muda wote huo? Haikuwa popote. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba wazee wa kale wa Bloomington walikuwa watu wa kawaida. Chuo kiliitwa cha jimbo kwa karibu miaka hamsini bila jimbo kukipa fungu la kila mwaka. Fungu la kwanza la namna hiyo, dola 8,000, lilipitishwa 1867, mwaka ule ule ambapo wanawake waliruhusiwa kusoma. Sarah Parke Morrison akahitimu wa kwanza kati yao mwaka 1869. Kabla ya fungu hilo ilikuwa riba, ada ndogo na kubembeleza. Vyuo kadhaa vya Marekani vya karne ile, katika shida kama hizo, viliuza nafasi za kudumu: lipa mara moja, familia yako isome milele. Fedha zikaliwa mwaka mmoja, wanafunzi wakaendelea kuja bila kulipa. Bursa yeyote anajua harufu ya fedha za namna hiyo.

Nasi tulikuwa na zetu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 vyuo vya umma vya Kenya vilifungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia, na fedha zikamiminika. Yakafunguliwa matawi juu ya maduka, wakaajiriwa watu, yakajengwa majengo. Halafu, kuanzia 2016, mitihani ya kidato cha nne ikabanwa, waliopata C+ wakapungua, na serikali ikawa inaweza kuwadhamini wote waliofuzu, hata kuwapeleka wengine vyuo vya binafsi. Mlango ule ukajifunga wenyewe. Waajiriwa walibaki. Moi ilikuwa pia imejinunulia kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, kikarejeshwa kazini kwa mitambo mipya na kufunguliwa rasmi 2019. Siwezi kumcheka mtu kwa kutaka kiwanda: kuna chuo kilichotaka kuwa benki ya wakulima.

Kilichonishika zaidi ni mwaka 1883. Moto mwingine, safari hii jengo la sayansi pamoja na mikusanyo yake. Kulikuwa na hofu kwamba chuo kitahamishiwa mji mkuu wa jimbo. Wadhamini wakanunua ekari 20 za msitu kutoka kwa familia ya Dunn kwa dola 6,000, wakazi wa kaunti wakachanga, na majengo mawili ya matofali mekundu, Wylie na Owen, yakasimama kwenye ukingo wa miti. Bado yapo. Msitu nao upo, katikati ya chuo, miti mirefu isiyopandwa kwa mstari, na kindi wakubwa wanaokuja miguuni kuomba. Kwetu ekari ishirini za miti katikati ya chuo zingekuwa zimepimwa, zimegawanywa, zimeshitakiwa.

Mwaka huo huo bunge la jimbo lilipitisha kodi kwa ajili ya chuo: nusu senti kwa kila dola mia moja za mali, kwa miaka kumi na mitatu, fedha ziwe akiba ya kudumu. Piga hesabu. Mwenye shamba la dola 2,000 alilipa senti kumi kwa mwaka. Hakuna aliyeuza ng'ombe kwa sababu ya senti kumi. Lakini haikuwa ahadi ya mtu jukwaani. Ilikuwa sheria yenye kiwango, yenye mwanzo na mwisho, na mkulima aliijua kabla ya mkusanya kodi kufika.

Sasa tusijidanganye kwamba leo huku ni peponi. Mwanafunzi mwenyeji wa jimbo analipa karo ya kama dola 12,000 kwa mwaka, na wa kutoka nje ya jimbo zaidi ya 40,000. Kwa shilingi, hiyo ya pili inapita milioni tano, bila chakula wala chumba. Mpwa wangu anasaidiwa na kazi ya kufundisha, la sivyo dada yangu angekuwa hana shamba. Kenya mwanafunzi wa serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka kwa miaka mingi, mpaka mfumo mpya wa 2023 ulipoanza kuwapanga wanafunzi katika madaraja kwa kupima uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba, na rufaa zikafuata. Mzazi wa Ainabkoi aliyeniletea barua ya daraja la mwanawe aliniuliza swali moja: "Bursa, hawa walinipima lini?"

Na juu ya karo za ng'ambo, Uasin Gishu tuna kidonda. Mwaka 2022 na kuendelea, wazazi waliolipa fedha kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto kusoma Finland na Canada walijikuta wakiandamana Eldoret. Wengine watoto wao hawakusafiri, wengine walisafiri na karo haikufika. Ndiyo sababu kila nilipoona mahali pa kulipia huku nilitafuta kwanza stakabadhi.

Stakabadhi zipo. Kuna jambo ambalo bado sijalizoea: mishahara ya wafanyakazi wote wa chuo, kuanzia rais hadi fundi bomba, ni habari za umma, na gazeti la wanafunzi, Indiana Daily Student, lililoanza 1867, limekuwa likiiweka mahali ambapo mtu anaandika jina na kuona tarakimu. Mpwa wangu aliandika la profesa wake mbele yangu. Niligeuza uso, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu. Chuo hiki nacho hukopa, tena fedha nyingi, lakini hukopa kwa kuuza hati fungani kwa wawekezaji wanaojua wanachonunua, na mashirika ya kupima mikopo yamekipa alama ya juu kabisa. Mpishi wa bwalo hajui kama chuo kina deni. Mshahara wake haujawahi kumwambia.

Wadhamini ni tisa. Tangu 1891 watatu kati yao walichaguliwa kwa kura na wahitimu, popote walipo duniani. Hilo nililipenda sana, nikaanza kulitengenezea hotuba. Mpwa wangu akanizuia: mwaka 2025 sheria ya bajeti ya jimbo ilimpa gavana mamlaka ya kuwateua wote, na gavana Mike Braun hakusubiri, akawaondoa watatu hao. Mwaka huo huo vyuo vya umma vya Indiana vilitangaza kufuta, kusimamisha au kuunganisha shahada zaidi ya 400 zenye wahitimu wachache. Huku lilisemwa kwa mshangao, kama jambo lisilowahi kutokea. Mimi nimekulia katika nchi ambayo rais mmoja alikuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, hadi Rais Kibaki alipoiachia kazi hiyo baada ya kuingia madarakani, na mabaraza ya vyuo bado huteuliwa na waziri. Niliwapa pole kwa sauti ya mwenye uzoefu.

Jioni ya mwisho tulipita uwanja wa baiskeli. Tangu 1951 timu za wanafunzi hushindana hapo kwa kupokezana baiskeli, wavulana kwa mizunguko 200, na shabaha ya awali ilikuwa kupata fedha za karo kwa wanafunzi wanaofanya kazi huku wakisoma. Nikamwambia hiyo ni harambee, ila wenyewe wanatoka jasho. Kwetu mgeni rasmi hukaa chini ya hema na jasho ni la mwenye mtoto. Njia ya changarawe ilikuwa tupu. Nilijaribu kukimbia mzunguko mmoja kwa heshima ya Kaptagat, na nitaachia hapo.

Nyumbani kwake tulisonga ugali kwa unga wa mahindi ya hapo Indiana, mnene kuliko wetu na mtamu kidogo. Nikachukua karatasi. Ile kodi ya 1883, nikiileta Uasin Gishu kwa kiwango kile kile, shamba la thamani ya shilingi milioni tano lingelipa shilingi 250 kwa mwaka. Nauli ya kwenda Eldoret na kurudi huizidi.

"Na wewe Mjomba, ungelipa?"

"Ningelipa, mradi nionyeshwe daftari."

"Kila mwaka?"

"Kila muhula."

Akanipa nyama, akafikiri. "Na kama Moi wangeamua kukukopesha, kama hawa wa zamani, uweke shamba la Ainabkoi dhamana?"

"Hapo," nikamwambia, "ningekopa kwanza. Habari ya daftari tungeongea baadaye."